Kopo Lenye Alama ya Baiskeli

Bibi Wilhelmina Machibya, mpishi wa darasa la awali katika Shule ya Mawe Mapacha, Nyakato, anastaafu kesho Jumamosi, tarehe 30 Novemba 2024, baada ya kuitumikia shule hii miaka thelathini na mmoja na miezi kumi. Aliingia tarehe mosi Februari 1993 akiwa mfagizi. Anatoka akiwa mtu pekee hapa shuleni ambaye watoto humkimbilia na shikamoo zao kabla hawajamwona mkuu wa shule. Mkuu wetu, Mwalimu Rose Shimba, amesoma sentensi hiyo na ameniruhusu niiache ilivyo.

Kamati ya sherehe ilinikabidhi kazi ya kuandika wasifu huu kwa kuwa nimefundisha darasa la awali tangu mwaka 2001, na kwa miaka hiyo yote mlango wa darasa langu umetazamana na mlango wa jiko lake. Hiyo ndiyo sababu wanayoijua wao. Mimi ninayo nyingine, nitaieleza nikifika mahali pake, na naomba wasomaji wanivumilie, maana si jambo jepesi kulisema mbele ya watu walioketi kwenye viti vya sherehe.

Bibi Wilhelmina, ambaye sote tunamwita Mama Masalu kwa jina la mtoto wake wa kwanza, alizaliwa Usagara mwaka 1964. Kwao kulikuwa na ng'ombe wachache na viazi vitamu vingi. Mama yake alimfundisha kukata viazi vibichi na kuvianika vikawa michembe, na kuvichemsha kwanza kisha kuvianika vikawa matobolwa, na kumjua mgeni mwenye njaa kwa jinsi anavyoosha mikono. Alimaliza darasa la saba, akaolewa na Mzee Machibya, na mume alipopata kazi ya kiwandani wakahamia Nyakato. Alikuja kwetu kuomba kufagia kwa sababu shule ilikuwa hatua chache kutoka nyumbani kwake.

Wakati huo watoto wa awali walikula pamoja na wakubwa. Ugali ulipakuliwa kutoka sufuria moja, maharage kutoka nyingine, na kila mtoto alipewa sahani, awe wa miaka minne au kumi na minne. Kwenye taarifa za shule watoto wote walikuwa wamekula. Ila aliyekuwa akimwaga mabaki alikuwa mfagizi, kwa hiyo mfagizi ndiye aliyejua ukweli. Mwaka 1995 alikwenda kwa mkuu wa shule wa wakati ule akamwambia kwamba wale wadogo hawali. Mkuu akamjibu kwamba wanapewa kila siku, yeye mwenyewe anaona. Mama Masalu akasema, kwa sauti ile ile ya upole ambayo imewasumbua wakuu wanne sasa: "Kupewa wanapewa, mwalimu. Kula ndiyo hawali."

Akaomba apewe watoto ishirini na watatu wa awali, awapikie kwa muda wa mwezi mmoja, basi.

Alizunguka majumbani kukusanya makopo ya siagi yaliyokwisha, yenye mifuniko. Aliyachemsha, akayaanika juu ya mawe ya nyuma ya shule, na juu ya kila mfuniko akachora alama kwa rangi ya kucha nyekundu, maana watoto wa umri ule hawajui kusoma majina yao. Kila mtoto alijichagulia alama yake mwenyewe: kikombe, kuku, mwavuli, jua, ufunguo. Kuanzia siku hiyo chakula cha mtoto mdogo kilifungashwa katika kopo lake, na hakuna mkubwa aliyethubutu kula chakula cha kuku wakati yeye si kuku. Mwezi ulipoisha hakuna aliyekumbuka kumwuliza kama jaribio limekwisha, naye hakuuliza.

Kufungasha chakula ambacho mtoto mdogo atakila kweli si kazi ya mchezo, na wazazi mliopo hapa mnajua. Unaamka alfajiri, unakaanga, unapanga, unafunga, na jioni kopo linarudi kama lilivyokwenda, isipokuwa sasa lina mchanga. Mama Masalu alikuwa na kanuni zake, na sikuwahi kumwona akizivunja. Chakula kilikuwa kiasi cha kiganja cha mtoto mwenyewe, si cha mama yake. Chenye mchuzi na kikavu havikugusana. Mchicha ulikatwa mfupi, kwa sababu jani refu likishuka nusu kooni, mtoto hataliamini tena mpaka aote ndevu. Chungwa lilimenywa na kuchambuliwa. Mfuniko mpya haukuingia kazini kabla mtoto mdogo kuliko wote darasani hajaufungua mwenyewe mara tatu, kwani kopo lisilofunguka, alisema, ni jiwe tu, na mawe Mwanza tunayo ya kutosha.

Baada ya chakula alifanya jambo ambalo wapishi wengi hawalifanyi. Kabla ya kuosha, alilifungua kila kopo lililorudi akalitazama. Alikuwa anayasoma. Aliyekula kiini cha yai akaacha ute wake mweupe, aliyelamba chumvi ya kiazi, aliyekula kila kitu siku za Jumatatu na kutogusa chochote siku za Ijumaa. Mara nyingi alinijia darasani saa nane mchana, mikono bado ina povu, kuniambia kwamba mtoto fulani ana jino linalouma. Nikimwita mtoto na kumfungua kinywa, nilikuta jino.

Kuhusu dagaa, kila aliyekulia kandokando ya Ziwa anawapenda, lakini mtoto wa miaka minne akifungua kopo na kukuta macho thelathini yanamtazama, hana hamu tena. Mama Masalu aliligundua hilo mapema, na kuanzia hapo akawa anawakata vichwa dagaa mmoja mmoja kwa kidole gumba. Siku moja mkaguzi wa elimu alipita, akamkuta ameinamia ungo mzima, akamwuliza kama serikali inajua muda wake unavyotumika. Akajibu kwamba serikali ije ikae upande wa pili wa ungo, watamaliza mapema. Mkaguzi aliketi. Tunayo picha.

Mimi mwenyewe niliwahi kumwomba anifungashie kopo, na nikampa hata alama yangu, miwani. Alinitazama tumbo, akaniambia: "Mwalimu Luhaga, wewe una meno yote na mke nyumbani. Wapishe wenzako." Sijaomba tena.

Sasa nimefika mahali pake.

Mwaka 2008, muhula wa kwanza ukiwa katikati, alikuja mama mmoja kijana aitwaye Perez. Alikuwa ametoka upande wa Mara, amepata kazi katika kiwanda cha kukamua mafuta ya pamba, na alimleta mwanawe wa miaka mitano, Okomo. Mimi ndiye niliyewapokea. Kwenye fomu, mbele ya neno baba, Perez aliandika marehemu. Kisha aliweka kalamu mezani akanieleza bila mimi kuuliza. Mumewe alikuwa mvuvi. Mtumbwi wao ulipinduka, wenzake wawili waliokolewa, yeye hakuonekana, na mpaka siku ile alikuwa hajaonekana. Walizika mgomba badala ya mwili wake. Na kule mwaloni, mitumbwi inakoshushia samaki, mtoto mmoja mkubwa alimwambia Okomo kwamba watu wasioonekana huwa wameliwa na samaki. "Kwa hiyo samaki hali, mwalimu," Perez aliniambia. "Hata harufu. Naomba mwambie wa jikoni."

Nikasema nitamwambia. Siku hiyo nilikuwa na watoto wapya wanne na bomba la maji limepasuka. Sikumwambia. Siku iliyofuata nilidhani nimekwisha kumwambia.

Okomo alichagua alama ya baiskeli. Alikuwa mtoto mkimya, mwenye adabu, mwenye miguu mirefu. Siku za samaki kopo lake lilirudi na kila kipande kimepangwa pembeni kwa uangalifu. Mama Masalu alilisoma, akasema huyu naye ni wa wale wanaoogopa dagaa, tutampata. Mwaka ule alikuwa na mbinu mpya ambayo ilikuwa imemletea sifa hadi kwa bwana afya wa kata. Alikausha dagaa, akawatwanga kwenye kinu hadi wakawa unga laini, akauchanganya katika kachori za viazi pamoja na limao na kitunguu ili harufu ife. Watoto waliokataa samaki miezi na miezi walizila wakaomba nyingine, na wakaanza kunenepa. Okomo alizila. Kwa wiki sita kopo la baiskeli lilirudi jeupe ndani, na kila liliporudi hivyo Mama Masalu alilinyanyua dirishani ili nilione. Nami nilimpungia mkono.

Siku moja ya Alhamisi Okomo alikwenda nyuma ya jiko kuchota maji ya kunawa, akamkuta Mama Masalu anatwanga. Akaamkia, akauliza ni nini kile. Yeyote anayemjua Mama Masalu anajua furaha yake anapompata mtoto msumbufu kwa hila ya upendo. Alicheka, akamwonyesha ungo wa dagaa na kinu, akamwambia: "Hii ndiyo siri ya kachori zako, mwanangu. Umekula samaki siku zote hizi na hukujua!"

Alitegemea mtoto atacheka. Okomo alitapika palepale, juu ya miguu yake na ya Mama Masalu. Kisha akakaa chini mchangani, na hakulia.

Siku ile hakula. Kesho yake hakula cha shule wala cha nyumbani. Tulidhani ni ugomvi wa kitoto wa siku mbili. Lakini ikawa siku ya tatu na ya nne. Mama yake alimpikia ugali mweupe, akauangalia, akauliza umetiwa nini. Alimpa maziwa akauliza hivyo hivyo. Kwa akili ya mtoto, kama samaki aliweza kukaa ndani ya kiazi asionekane, angeweza kukaa ndani ya chochote. Alikunywa maji tu, tena yale aliyoyachota mwenyewe bombani. Siku ya tano alilazwa zahanati akatundikiwa dripu, na mganga akamwambia Perez waziwazi kwamba dripu si chakula, na mtoto wa uzito ule hana akiba ya kusubiri.

Asubuhi ya siku ya sita Perez alikuja shuleni. Alikuwa mdogo kwa Mama Masalu kwa miaka mingi, na hakuwahi kumpita bila shikamoo. Siku hiyo hakusalimu. Alisimama mlangoni mwa jiko na sare yake ya kiwandani, akasema maneno ambayo nimeyasikia kichwani kila mwaka tangu siku hiyo: "Mama Masalu, mtoto wangu anasema mmemlisha baba yake."

Mama Masalu hakuelewa. Aligeuka akanitazama mimi niliyekuwa ng'ambo, kwenye mlango wa darasa, na kwa kunitazama tu akaelewa kwamba mimi naelewa.

Mkuu wa shule wa wakati ule alituita ofisini sote. Aliuliza nani alijua habari za baba wa mtoto. Perez alifungua kinywa, lakini kabla hajasema Mama Masalu alijibu kwamba kosa ni la jiko; mpishi anayemficha mtoto chakula anachokula hahitaji kuambiwa habari za baba yake ili ajue amekosea. Alipewa barua ya onyo. Iko kwenye faili lake mpaka leo, ndiyo barua pekee ya namna hiyo katika miaka thelathini na mmoja, na ilipaswa kuwa kwenye faili langu. Hiyo ndiyo sababu yangu ya pili ya kuandika wasifu huu. Niliambiwa, nikasahau, na nilipokumbuka nikanyamaza huku mwanamke aliyenizidi umri akibeba lawama. Nimenyamaza miaka kumi na sita. Mama Masalu hajawahi kunitajia jambo hili hata mara moja, wala kunipunguzia tabasamu asubuhi, na nasema kwa kweli, afadhali angenitukana.

Alichofanya baada ya ofisi ile ndicho kilichoibadilisha shule yetu.

Aliomba ruhusa, akachukua kopo la baiskeli likiwa tupu, akaenda zahanati. Alipiga magoti kando ya kitanda ili uso wake uwe sawa na wa mtoto. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na mlango, kwa hiyo nilisikia. "Okomo, nilikuficha. Nilikosea. Hakuna mtu anayeruhusiwa kumficha mtu chakula chake. Naomba unisamehe." Kisha alimwinamia akamnong'oneza neno sikioni ambalo sikulisikia. Mtoto akaitikia kwa kichwa. Mama Masalu akafungua kopo, akamwonyesha kwamba halina kitu, akalifunga, akaliacha mapajani mwa mtoto.

Kesho yake alikuja na kiazi kitamu kimoja kibichi, chenye udongo. Alimpa Okomo akishike. Perez alileta sufuria na jiko la mkaa uani mwa zahanati, na mtoto akatolewa nje akiwa amebebwa, akakiosha kiazi mwenyewe, akakitia sufuriani mwenyewe, akakaa akikitazama kikiiva mpaka maji yalipokwisha. Mama Masalu alikikata katikati, akala nusu yake polepole, kinywa wazi, bila aibu, ili mtoto aone kila kitu. Okomo hakula. Siku iliyofuata alikuja na kiazi kingine wakafanya vivyo hivyo, na mtoto akalamba. Siku ya tatu aliuma kipande cha ukubwa wa kucha, akatafuna kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona mtu anatafuna, akameza. Perez alikaa chini. Kisha akasema, "Shikamoo, mama," kana kwamba ndiyo kwanza wanaonana, na Mama Masalu akaitikia, "Marahaba, mwanangu," wakalia wote wawili mbele ya wagonjwa.

Okomo aliporudi shuleni alikuwa na sharti moja: alisimama mezani jikoni kila saa nne asubuhi kuona kopo lake likifungashwa. Mama Masalu alitaja kila kitu kabla ya kukiweka: hiki ni kiazi, hii ni karanga, hili ni yai, hakuna kingine. Haikupita wiki, wenye alama za kuku na mwavuli nao wakataka kusimama. Ndipo ilipozaliwa desturi ambayo wageni wetu huja kuitazama. Saa nne, watoto wote wa awali hupita mezani kwa mstari, kila mmoja huona kopo lake likijazwa, husikia kila jina la chakula, na ana haki ya kuuliza na kukataa kitu kimoja. Samaki hutajwa kuwa samaki. Kinu hakikutumika tena kwa dagaa. Tuliogopa kwamba watoto watakataa kila kitu. Ikawa kinyume. Mtoto aliyeona mchicha ukiingia na akalisikia jina lake haogopi akiukuta, na wengi hawaitumii hata ile haki ya kukataa, inawatosha kujua wanayo. Shule tatu za jirani zimechukua desturi hii, moja kutoka Usagara kwao, na hakuna aliyewaambia ilitokana na nini. Leo wameambiwa.

Imebaki habari moja, na nimeijua mwezi uliopita tu.

Wafanyakazi wote tunajua kwamba Mama Masalu hali samaki. Siku za samaki yeye huchukua maharage. Kwenye harusi, sato akipita mezani, humpitisha kwa jirani. Tuliambiana kwamba ni mwiko wa ukoo wao, wengine wakasema ni nadhiri ya kanisani, wengine mzio. Nilipokuwa nakusanya habari za wasifu huu nilimwuliza, kwa kutania, mwanamke wa Mwanza anawezaje kuishi bila sato. Akaniambia kwamba sato wa kukaanga, mkavu, mwenye limao, ndicho chakula alichokipenda kuliko vyote tangu utoto. Nikauliza, sasa je? Akafuta meza kwanza, ndipo akajibu.

"Nilimwahidi Okomo. Nilimwambia sikioni, na mimi sitakula samaki mpaka wewe mwenyewe uniambie, mama, kula."

Nikamwuliza kwa nini hakumkumbusha, mtoto alikaa hapa hadi darasa la saba, alipita mbele ya jiko kila siku. Alinishangaa kidogo. Akasema ukimkumbusha mtoto, umemlazimisha.

Okomo sasa ana miaka ishirini na mmoja. Anasoma ualimu Butimba, anataka kufundisha darasa la awali, na samaki bado hali. Nilimpigia simu kumwalika, nikamweleza. Alinitaka nirudie. Kisha akasema: "Mwalimu, mimi nilisahau kabisa. Yeye bado?" Nikasema bado. Akaniuliza sato mzuri anajulikanaje, maana hajawahi kununua.

Jiko la awali sasa linashikwa na Modesta, aliyefanya kazi chini ya Mama Masalu miaka tisa na ambaye, kwa ushahidi wangu mwenyewe, anakata vichwa vya dagaa haraka kuliko mwalimu wake. Daftari la alama za makopo na chupa za rangi ya kucha amekwisha kukabidhiwa. Watoto wa mwaka huu wamemwuliza kama naye ataruhusu mtu kuchagua alama ya treni, na amekubali.

Mama Masalu, kwa niaba ya Shule ya Mawe Mapacha tunakushukuru kwa kila kopo. Tunakushukuru kwa kutufundisha kwamba mtoto asiyekula hana kiburi, ila anasema jambo ambalo hatujalisikia. Mimi Nestory Luhaga nakuomba msamaha mbele ya hadhara hii, kwa maneno yaliyonyooka, kama ulivyonifundisha kando ya kile kitanda. Mwalimu Shimba amekubali kwamba wasifu huu uwekwe kwenye faili lako pamoja na ile barua ya onyo. Urudi Usagara pamoja na Mzee Machibya na wajukuu ukiwa na afya, mvua ije kwa wakati wake, viazi vikomae, na kila utakayemwandalia akirudishe chombo kikiwa kitupu kwa haki.

Kopo lililo mezani mbele yako unalijua. Rangi ya ile baiskeli imechakaa, tumeiacha ilivyo. Asubuhi ya leo, tulipokuambia ubaki nyumbani ujipambe, Okomo alikwenda mwaloni, mahali ambapo hakuwa amekanyaga tangu utotoni. Alichagua mwenyewe, akapara magamba mwenyewe huku amegeuza uso, akakaanga kwenye jiko lako. Modesta ameshuhudia, nami nimeshuhudia. Ndani mna sato, limao na chumvi, hakuna kingine.

Yeye amesimama nyuma ya kiti chako. Ana neno la kukuambia, nami sitamsemea. Geuka umsikilize, mama, kisha ule.